COSI ikifika Malindi, nani atasoma data zake?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya, ambaye Shirika la Anga za Juu liko chini ya wizara yake. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo. Kwa wakuu wa Shirika la Anga la Italia, walio Roma na walio Malindi. Na kwa makamu wakuu wa vyuo vikuu vyetu vya umma.

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari, kaunti ya Kilifi. Sina cheo wala chama cha kunisemea. Nina ombi, na ombi lenyewe lina tarehe ya mwisho.

Mwaka 2027 NASA imepanga kurusha darubini ya angani iitwayo COSI. Kazi yake ni kupokea miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kubwa mno usioonekana kwa macho, kutoka katikati ya galaksi yetu na kwingineko. Itakaa kilomita 530 hivi juu ya ardhi, ikizunguka dunia kwa kuufuata mstari wa ikweta, na Italia imeahidi kuchangia kituo cha ardhini kitakachopokea data zake. Kituo hicho ni kile cha anga cha Waitaliano kiitwacho Luigi Broglio, Malindi. Kila saa moja na nusu na dakika kadhaa, usiku na mchana, darubini hiyo itapita juu ya pwani yetu na kushusha ilichovuna. Ninachouliza ni hiki: ikianza kushusha, ni nani hapa nchini atakuwa amejiandaa kusoma?

Nauliza kwa sababu mambo haya yameshatupita mara nyingi, tena mbele ya macho yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimama kwa miguu ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, kijiji kilicho kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 na ushei. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyekuwa msimamizi wa mradi, aliipa jina la Uhuru kwa kuwaenzi wenyeji wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota na galaksi. Ilikuwa pia setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na mafundi wa nchi nyingine, maana walioifyatua roketi ile walikuwa Waitaliano.

Kabla ya hapo, watafiti walitegemea roketi ndogo zilizochungulia juu ya angahewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazinyonya zote, kwa hiyo asiyetoka nje ya hewa haoni kitu. Uhuru ilitoka ikakaa nje. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikijizungusha polepole na kupekua anga lote kipande kwa kipande, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Ndiyo iliyogundua kwamba Centaurus X-3 inapiga kila baada ya sekunde 4.8, kumbe ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana cha nyota iliyokufa, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Ndiyo iliyoona jinsi Cygnus X-1 inavyomemeteka harakaharaka, bila mpango. Na wenye darubini za kawaida walipoikagua nyota iliyo pale, wakakuta inazungushwa na kitu kizito mno kisichoonekana. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu walikuja kulikubali. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Baada ya Uhuru zikafuata nyingine kutoka jukwaa lile lile: SAS-2 ya miale ya gama mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, SAS-3 mwaka 1975. Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988. Ukienda Ngomeni leo, ukipita mashamba ya chumvi ya Gongoni na mikoko, majukwaa bado yapo majini, yameliwa na kutu. Waulize vijana wanaoshona nyavu pale ufukweni ni kitu gani kile. Watakwambia San Marco, na wapo watakaoongeza kwamba Wazungu walikuwa wakifyatua makombora. Hawajawahi kufundishwa vinginevyo. Mimi nimesoma fizikia katika nchi hii kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada, na habari ya Uhuru nimeisoma mwenyewe baadaye, kwenye mtandao, katika kurasa za Wamarekani.

Pengine mtadhani habari za Ngomeni zimebaki historia. Hazijabaki. Roketi zimekoma, antena za nchi kavu za kituo cha Malindi hazijakoma, na sababu iliyowaleta wageni pwani hii mwaka ule ndiyo inayowabakisha hadi leo. Juu ya Atlantiki ya Kusini, kati ya Brazili na Afrika, kuna eneo ambako chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia zinashuka chini kuliko kwingine. Darubini ya eksirei au ya miale ya gama ikipita humo inajaa makelele. Mara nyingi vipokezi vyake huzimwa hadi itoke. Ukiiweka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, inayoishikilia ikweta, inakwepa sehemu kubwa ya eneo hilo, na kazi inakuwa safi. Ila darubini iliyo juu ya ikweta haionekani kutoka Ulaya wala kutoka sehemu kubwa ya Marekani. Inahitaji mtu wa kuisikiliza aliye ikweta. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini yake.

Ndiyo maana darubini ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kuwinda milipuko ya miale ya gama, imekuwa ikishusha data zake Malindi. Ndiyo maana NuSTAR, iliyorushwa 2012, inashusha Malindi. AGILE ya Italia ilifanya hivyo hadi ilipomaliza kazi, kabla ya kuanguka Februari 2024. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 ikiwa na vipokezi vilivyotengenezwa Italia, nayo iko hapo. Hata darubini kubwa ya James Webb, iliporushwa kutoka Kourou siku ya Krismasi 2021, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vilivyoifuatilia katika saa zake za mwanzo.

Tuzifuate data zenyewe. NuSTAR inachomoza upeo wa magharibi, antena inaigeukia, na kwa dakika chache za kupita kwake inamimina kila kitu ilichokiona tangu mara ya mwisho. Dakika hizo zikiisha darubini imezama upande wa bahari. Data zinaondoka Malindi kwa mawasiliano ya kituo hadi Berkeley, California, kwa wanaoiendesha. Zikishachujwa zinawekwa kwenye hifadhi ya NASA kule Maryland, na muda wa timu iliyoomba uchunguzi huo ukiisha, zinakuwa wazi kwa mtu yeyote duniani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kilifi anayetaka kuziona anazipakua kutoka Maryland, kwa bando la simu, data zilezile zilizotua kilomita chache kutoka kwao. Simlaumu mtu kwa njia hiyo, maana data ghafi hazina faida kabla hazijasafishwa. Nataja tu ili ionekane kwamba mnyororo mzima uko wazi, na pete ya kwanza iko kwetu. Inayokosekana ni ya mwisho.

Nimejaribu jambo dogo darasani, nalieleza kwa sababu lilinifundisha mimi kuliko lilivyowafundisha wanafunzi. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kinatunza majedwali ya milipuko yote iliyonaswa na Swift, wazi kabisa. Nilichagua mlipuko mmoja nikachapisha jedwali la safu mbili: sekunde tangu mlipuko uanze, na idadi ya chembe za mwanga zilizopokewa kwa sekunde. Nikawapa karatasi za grafu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa vurugu, kwa sababu kwa vipimo vya kawaida nukta zote zilirundikana kwenye kona ya chini kushoto, na moja ikabaki peke yake juu kama imetoroka. Wakadhani nimewapa namba mbovu. Nikawaambia wachukue logarithimu za safu zote mbili, zile logarithimu walizozichukia tangu walipoanza kuzifundishwa, wachore tena. Nukta zikanyooka mstari. Kisha, kwenye sekunde elfu kadhaa, mstari ukakunjika na kushuka kwa mteremko mkali zaidi, na mabishano yakaanza: wengine wakasema chombo kiliharibika, wengine wakasema nyota ilikwisha nguvu. Msichana mmoja akauliza ikiwa mlipuko unarushwa kama tochi au kama balbu, kwa sababu kama ni tochi, huenda tumeanza kuona ukingo wake. Hilo ndilo jibu ambalo wataalamu wanatumia kueleza mkunjo wa namna hiyo katika baadhi ya milipuko. Hakulisoma popote. Alilitoa kwenye karatasi ya grafu.

Mvulana mwingine akauliza kama namba hizi zilipitia pale anapofanya kazi mjomba wake, fundi wa umeme. Ndiyo, nikamwambia, zilipitia pale.

Sasa rudini kwenye COSI. Kwa miaka zaidi ya ishirini, tangu NASA ilipoishusha darubini yake ya Compton Gamma Ray Observatory mwaka 2000, tabaka moja la miale ya gama limekaa karibu bila mtazamaji mwenye macho makali. Ndilo tabaka ambalo elementi mpya zinajitaja zenyewe ndani yake. Alumini-26 inayotengenezwa na nyota nzito inatoa miale yake maalumu kwa mamia ya maelfu ya miaka. Titani-44 inayotoka kwenye nyota zilizolipuka inafifia kwa makumi ya miaka tu, kwa hiyo inaonyesha nyota zilizolipuka juzijuzi hata kama vumbi limezificha. Na kuna fumbo la positroni, chembe zinazofanana na elektroni ila zina chaji chanya: katikati ya galaksi yetu positroni zinakutana na elektroni na kuangamizana kwa wingi usiokoma, jambo lililojulikana tangu miaka ya 1970, na hadi leo hakuna aliyethibitisha zinatoka wapi. COSI imebeba vipokezi vya elementi iitwayo germani, vilivyopozwa sana, inaona robo ya anga kwa wakati mmoja na anga lote kwa siku. Toleo lake la mwanzo lilipandishwa kwa puto kutoka New Zealand mwaka 2016, likaelea siku 46 hadi Peru. Timu ya Berkeley imefanya jambo moja la maana kwetu: kabla hata ya kurusha, imetoa programu za kuchambulia data zake na mazoezi ya data za kuiga, bure, ili watu duniani wajifunze mapema. Mtu wa Nairobi au wa Kilifi anaweza kuanza leo. Ila hataanza peke yake, bila mlezi, bila kompyuta, na bila kujua kwamba akimaliza kuna mahali pa kufika.

Ombi langu la kwanza linawahusu nyote kwa pamoja. Mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini Trento mwaka 2016 una itifaki tano za utekelezaji, na miongoni mwake imo ya elimu na mafunzo, na imo ya kupata data za uchunguzi wa dunia na za sayansi ya anga. Msingi wa kisheria upo, hatuhitaji mkutano wa kuuanzisha. Tumieni itifaki hizo kugharamia angalau vijana watatu wa shahada ya uzamivu ambao mada zao ziko ndani ya data za COSI. Wasajiliwe katika vyuo vya hapa, wasimamiwe kwa pamoja na wataalamu wa Italia na wa hapa nyumbani, waanze kabla ya darubini kuruka ili data za kwanza ziwakute mezani. Watatu ni wachache, najua. Uhuru nayo ilianza na watu wachache. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya miaka minne wawepo watu watatu nchini wanaoweza kuwafundisha kumi.

Tafadhali msijenge jengo. Nawajua, na ninyi mnajijua: tukisikia sayansi tunatafuta jiwe la msingi la kuweka na utepe wa kukata. Darubini za kizazi hiki hazihitaji jengo, zinahitaji mtu aliyekaa mahali penye intaneti nzuri kwa miaka mitatu bila kusumbuliwa na karo.

Hapo kwenye intaneti pana jambo la kutazamwa mapema. Darubini ya Nancy Grace Roman, ambayo NASA ilimaliza kuiunganisha Novemba 2025, ina kioo cha mita 2.4 sawa na cha Hubble, lakini picha yake moja inafunika eneo la anga mara 100 au zaidi ya ile ya Hubble. Itatuma karibu terabaiti 1.4 kila siku. Hakuna chuo Afrika Mashariki kitakachopakua hizo, wala hazikukusudiwa kupakuliwa. NASA imeandaa mfumo ambao mtafiti anaingia kwa kivinjari tu, anafanya hesabu zake hukohuko data zilipo. Data za Roman pia hazitakuwa na kipindi cha kumilikiwa na timu yoyote, siku zikiwa tayari zinakuwa za wote. SPHEREx, iliyorushwa Machi 2025, inapiga ramani ya anga lote kwa rangi 102 za infraredi, na inatoa data zake hadharani kila wiki. Euclid ya Ulaya ilipotoa kipande chake cha kwanza Machi 2025, eneo dogo tu la anga lilikuwa na galaksi milioni 26, na watu wa kawaida waliojitolea walisaidia kuzifundisha kompyuta kuzitambua. Sikumbuki wakati mwingine ambapo mtu asiye na darubini alikuwa na nafasi kama hii. Wakuu wa vyuo, mnachotakiwa kutoa ni muda wa wahadhiri, akaunti za wanafunzi, na mtandao usiokatika saa nane mchana. KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, ipo, iwekeni kazini kwa hili pia.

Tena kuna darubini zenyewe, siyo hifadhi zake tu. Mkenya yeyote mwenye swali zuri anaruhusiwa kuomba muda wa Hubble au Webb. Hakuna sharti la uraia. Ushindani ni mkali, katika awamu ya nne ya Webb yaliwasilishwa maombi 2,377 yakitaka saa 78,000 hivi, karibu mara tisa ya saa zilizokuwepo. Lakini tangu 2018 Hubble, na baadaye Webb, wanaokagua maombi hawaonyeshwi majina ya waombaji wala taasisi zao. Ombi kutoka Pwani University na ombi kutoka Harvard yanasomwa kwa kupimwa swali lililomo. Kuandika ombi la namna hiyo ni ufundi unaofundishika kwa wiki mbili za warsha. Nawaomba watu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya waanzishe warsha hiyo, kila mwaka, kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Ni gharama ya semina moja ya hotelini, na semina za hotelini tunaziweza.

Nasikia sauti zitakazouliza mvuvi wa Ngomeni anafaidika nini na positroni za katikati ya galaksi. Swali ni la haki na sitalijibu kwa porojo. Hafaidiki moja kwa moja. Hata Giacconi mwaka 1970 hakumuahidi mtu yeyote samaki. Lakini mtoto wake anayejifunza kutenganisha mawimbi ya kweli na makelele katika jedwali la namba anajifunza kazi ile ile inayofanywa na wanaosoma picha za setilaiti kubaini ukame, na wanaotafuta kasoro kwenye miamala ya benki. Ninyi wenyewe mlituma setilaiti ya Taifa-1 angani Aprili 2023 kwa ajili ya kilimo na mazingira, na mnajua kwamba picha zake zilihitaji watu wa kuzisoma. Na kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na Sapienza ya Roma, na 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Tukiamua tunaweza. Kuhusu kodi ya ardhi, maeneo ya uvuvi na nani anamiliki nini pale kituoni, yana watu wake wa kuyasemea na nawaombea wasikilizwe; mimi nimejifunga kwenye data.

Wenzetu wa Italia, ninyi mna neno lenu peke yenu. Sisi pwani tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmekaa zaidi ya miaka hamsini na jembe mmelishika vizuri. Ni wenyeji ambao tumesimama pembeni ya shamba. Kuna mafundi Wakenya pale Malindi ambao wamezipokea darubini hizi kwa miaka mingi na kuzijua tabia zao, ukimya wao, ukaidi wao baada ya dhoruba ya jua. Wapeni nafasi ya kusomea zaidi, na majina yao yaandikwe katika shukrani za makala zinazotokana na data walizozipokea. Fungueni kituo kwa shule siku moja au mbili kwa mwaka, mkitoa tarehe mapema ili tupange magari. Na hivi sasa kuna darasa zuri kuliko lote. Swift imekuwa ikishuka, jua lilipochafuka miaka hii angahewa ya juu ikavimba na kuivuta chini, na Septemba 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst mkataba wa dola milioni 30 ili roboti iende kuidaka na kuipandisha. Chombo ambacho hakikuundwa kudakwa! Wanafunzi wa fizikia wanaoishi chini ya njia yake wangepaswa kuelezwa habari hiyo na watu wanaoisikiliza kila siku, kwa Kiswahili, siyo kuisoma kwa bahati.

Swift inakumbusha jambo jingine. Darubini hizi zinaishi kwa fedha za mwaka hadi mwaka. Mei 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kupunguza bajeti ya sayansi ya NASA kwa karibu nusu, na darubini nyingi zinazofanya kazi zikawa kwenye orodha ya kuzimwa au kubanwa. Bunge lao baadaye lilikataa sehemu kubwa ya pendekezo hilo. Wenye miradi wakabaki wamejifunza kutafuta washirika wengi zaidi. Kenya ina kitu ambacho hakinunuliwi, nacho ni mahali ilipo. Kabla COSI haijaruka, tayari wapo wanaopanga inayofuata. Oktoba 2024 NASA iliingiza fainali mapendekezo mawili ya darubini ya kurushwa 2032, na moja, AXIS ya eksirei, imebuniwa kukaa obiti ya chini karibu na ikweta. Ulaya inapanga NewAthena kwa mwaka 2037. Marekani inabuni Habitable Worlds Observatory ya kutafuta sayari zenye dalili za uhai, ya miaka ya 2040; wahandisi wake wako shule ya msingi sasa hivi. Mazungumzo ya nani ataingia kwenye timu za sayansi hufanyika miaka kumi kabla ya kurusha, siyo siku ya kurusha. Kila mara kituo cha Malindi kinapotajwa kwenye karatasi za mradi mpya, mwakilishi wetu aulize nafasi ngapi za watafiti zinakuja pamoja na antena. Aulize kwa maandishi.

La mwisho ni dogo. Kila mwaka, mwezi wowote mtakaouchagua, Shirika la Anga za Juu litoe ukurasa mmoja unaosema chini ya mkataba wa Trento wamesomeshwa Wakenya wangapi, katika fani zipi, na sasa wako wapi. Ukurasa mmoja tu, uwekwe mahali mwananchi anaweza kuupata bila kuandika barua tatu. Wa kwanza ukitoka kabla ya COSI kuruka nitaubandika kwenye ubao wa matangazo wa maabara yetu, karibu na grafu za mlipuko, na wanafunzi wangu wataanza kuhesabu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia, Kaunti ya Kilifi